Rafiki wa Mzee Pasi

"Rafiki yupi? Mtaje!"

"Nimtaje kwani ni rafiki yangu?"

"Humtaji kwa sababu hayupo! Umemtunga sasa hivi ulipoona gari la polisi."

"Mama Pacha, tuheshimiane. Mimi si mwanao."

"Wanangu mimi hawatishi wazee!"

Inspekta alimaliza ngazi akawakuta hivyo, pua kwa pua, kwenye ujia mwembamba wa ghorofa ya pili, na nyuma yao mlango uliofungwa. Hakuwakatiza. Miaka ya kazi ilikuwa imemfunza kwamba majirani wakigombana humwaga mengi kuliko wakihojiwa, tena bila kuombwa. Akaegemea ukuta, akakunja mikono, akasikiliza.

Mwanamke alikuwa mnene wa haja, kitambaa cha kichwa kimeteleza hadi sikioni kwa hasira. Mapacha waliompa jina walikuwa wameshaolewa na kuhamia mbali, na tangu hapo kazi yake kubwa ilikuwa kujua nani anapanda ngazi, nani anashuka, na mfukoni mwake kuna nini. Mwanamume alikuwa muuza gesi wa ghorofa ya chini, ndiyo maana wakamwita Baba Mitungi. Alikuwa na mabega ya mtu anayebeba chuma tangu ujana. Leo mabega hayo yalikuwa yameanguka.

Mlango ule ulikuwa wa dobi wao, Mzee Pasi. Alitoka jana asubuhi, hakurudi.

"Jana ilikuwa siku yake ya kupumzika, afande," Baba Mitungi akamgeukia Inspekta. "Siku hiyo kila wiki huenda kutembea mjini na rafiki yake. Wanakwenda kuona mji. Kila mtu hapa anajua."

"Kila mtu hapa amesikia," Mama Pacha akasahihisha. "Kusikia na kuona ni vitu viwili. Mimi sijaona rafiki. Nilichoona ni wewe, umesimama hapa hapa, unamwambia mzee wa watu, 'Nitakupoteza.' Jengo la pili walizima redio wasikie vizuri!"

"Aliniunguzia suti! Suti ya harusi ya binti yangu! Alama ya pasi imekaa mgongoni kama nimepigwa muhuri bandarini. Ungekuwa wewe ungeimba?"

"Ningenyamaza."

Hata Inspekta aliinua nyusi kwa hilo.

"Huyo rafiki," akamuuliza Baba Mitungi, "umewahi kumwona kwa macho yako?"

Muuza gesi akatikisa kichwa. "Hapana. Lakini mzee akirudi hupita dukani, anakaa juu ya mtungi mtupu, ananisimulia. Leo tumepanda mnara wa taa. Leo tumekwenda makumbusho, kuna mzinga mkubwa, mdomoni mwake ndege wamejenga kiota. Mtu hawezi kutunga kiota, afande."

"Mpweke anaweza kutunga chochote," alisema Mama Pacha, na safari hii sauti yake haikuwa na ugomvi. "Hana mke, hana mtoto, ndugu zake wameisha. Mimi nilimwacha na rafiki yake wa kichwani. Alikuwa hamdhuru mtu."

Inspekta akatoa simu, akawaonyesha picha. Mtu mzima, ndevu nyeupe, macho yamefumbwa, mto wa hospitali. "Huyu aliokotwa jana alasiri kwenye barabara ya ufukweni. Amezimia, hana kitambulisho. Ni Mzee Pasi?"

Waliinamisha vichwa pamoja kama hawakuwa wakitukanana dakika ile ile.

"Siye," alisema Mama Pacha.

"Siye," alisema Baba Mitungi. "Mzee wetu hafugi ndevu."

Ikabaki kusema lililobaki, na Inspekta hakuwa mtu wa kulipaka asali. Mkuu wa kituo alikuwa ameshatoa amri asubuhi: tishio lina mashahidi, aliyetishwa ametoweka, basi kama hadi jioni hajapatikana, muuza gesi aletwe alale ndani. Alipomaliza kumwambia, Baba Mitungi aliketi kwenye ngazi.

"Afande, binti yangu anaolewa Jumamosi."

"Nimesikia."

"Baba wa bibi harusi akiwa mahabusu, wakwe watasema nini?"

Inspekta alimwomba Mama Pacha ufunguo wa akiba, maana katika kila jengo kuna mtu mmoja anayewekewa funguo za wote, na hakuhitaji kuuliza ni nani.

*

Chumba kilikuwa hakina dirisha. Harufu ya wanga na nguo zilizokauka vizuri ilimpokea mlangoni. Inspekta akabonyeza swichi. Giza likabaki giza.

"Siku nyingi taa yake haiwaki," Mama Pacha alisema nyuma yake. "Tukajua anabana umeme. Wazee na ubahili, unajua tena."

Inspekta akawasha tochi. Alianza na meza ya kupigia pasi, akachomeka pasi ukutani, akangoja, akaweka kiganja karibu. Ilipata moto. Umeme ulikuwepo. Akamulika juu: balbu imeungua, nyeusi, na buibui alikuwa ameifunga utando kutoka balbu hadi waya, utando mzee wenye vumbi. Mtu anayepiga pasi kila siku chini ya balbu iliyokufa, asiibadilishe. Akaliweka jambo hilo pembeni, akaendelea.

Kitanda kimetandikwa. Hakuna damu, hakuna kiti kilichoanguka, hakuna sanduku lililofungashwa. Juu ya kimeza, dawa. Akasoma pakiti. "Ana kisukari?"

"Miaka. Humeza asubuhi na jioni."

"Basi ya jana jioni hajameza, wala ya leo." Mama Pacha akashika mdomo.

Nguo za wateja zilining'inia kwenye waya, zimenyooka kama zimetoka dukani. Inspekta akageuza kola moja, kisha nyingine. Kila dobi ana alama zake: nguo za nyumba nyingi zikiingia beseni moja, alama ndiyo inayorudisha kila nguo kwa mwenyewe. Kwenye koti kuukuu alikuta alama ya wino, msalaba mdogo, umefifia. Kando yake palikuwa na alama mpya, uzi mnene ulioshonwa ndani ya kola na kufungwa vifundo. Shati la pili, vifundo vingine, vimepangwa tofauti. Nguo zote mpya zilikuwa na vifundo, na wino haukuonekana tena popote.

"Hiki kizee kina kazi," Mama Pacha alisema akichungulia. "Kwa nini aache kalamu ajitese na sindano?"

Inspekta alizima tochi. Akasimama gizani akipapasa kola kwa kidole gumba. Akahesabu vifundo bila shida yoyote. Akawasha tena.

"Mama, siku hizi ukipishana naye njiani, anakuwaje?"

"Maringo!" Jibu lilikuwa tayari, limekaa mdomoni siku nyingi. "Zamani akikuona mbali anakupungia. Sasa mnapishana sokoni bega kwa bega, kimya, mpaka umwanze wewe. Ukimwanza, basi, anakuchangamkia, anakutaja kwa jina. Nikasema, haya, mzee kapata hadhi."

Ukutani, kwenye kimto kidogo cha kitambaa, zilikuwa zimechomekwa sindano, safu nzima, na kila moja ilikuwa imetungwa uzi tayari. Inspekta aliziangalia kwa makini kuliko alivyokuwa ameangalia kitu kingine chochote mle ndani.

"Nani humtungia uzi?"

"Atungiwe uzi na nani? Anatunga mwenyewe."

"Wewe hujawahi?"

"Sijawahi kuombwa. Na angeniomba ningejua kwa nini, na mimi nikishajua, nawe ungekuwa umeshajua, afande. Mimi najijua."

Inspekta akachomoa plagi ya pasi. "Kuna aliyemtungia," akasema. "Mwambie Baba Mitungi asitoke. Na mwambie asikate tamaa."

"Kwani umeona nini?"

"Sindano."

Mama Pacha alibaki mlangoni akiangalia zile sindano kama zimemtukana. Inspekta hakumweleza zaidi. Kumweleza Mama Pacha ilikuwa sawa na kutangaza, na dobi akitangazwa kwamba haoni, nani atamletea nguo tena?

*

Hospitalini, muuguzi alimletea mfuko wa nailoni wenye vitu vya yule mtu asiyejulikana. Askari aliyemwokota alikuwa ametafuta kitambulisho, hakukiona, akafunga mfuko akaenda zake.

"Amefumbua macho alfajiri," muuguzi alisema. "Jua lilimpiga, na shinikizo la damu likampandia. Haongei bado. Ukimsemesha anakutazama tu, anahangaika, anageuza kichwa mlangoni. Kama ana mtu anamngoja."

"Yeye ndiye anayengojwa," Inspekta alisema.

Alitoa shati mfukoni. Lilikuwa na vumbi la barabara mgongoni, lakini mikunjo ya pasi kwenye mikono bado ilisimama kama upanga. Akageuza kola. Ndani, uzi mnene, vifundo.

Kisha akaona kitu kingine. Mkono wa kulia wa shati, juu kidogo ya kiwiko, kitambaa kilikuwa kimechakaa na kung'aa, sehemu ya upana wa kiganja. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Mtu alikuwa anashikwa pale mara kwa mara, na aliyemshika hakumvuta wala hakupigana naye. Alikuwa anaongozwa.

Katika mfuko wa kifua zilikuwamo tiketi mbili, zimekunjwa pamoja. Boti ya kioo, ile yenye sakafu ya kutazamia samaki, safari ya alasiri. Bado hazikuwa zimechanwa na mkaguzi.

Inspekta akazilaza juu ya kimeza cha muuguzi. Mtu ananunua tiketi mbili. Hazitumii. Anaanguka juani kabla ya kurudi alikotoka. Huko alikotoka amemwacha mwenye tiketi ya pili, kivulini, amekaa, kwa sababu foleni ni ndefu na jua ni kali na yule mwenzake hawezi kusukumana na watu. Amemwambia maneno ambayo kila mtu humwambia mwenzake. Ningoje hapa, nakuja.

Akachukua funguo za gari.

*

Gati la boti za kioo lilikuwa mahali ambapo mji mzima uliwaleta wageni wake. Jua lilipiga maji, maji yakalirudisha usoni mwa watu. Waliopiga picha walisukumana na waliopigwa. Wawili wawili, watatu watatu, familia nzima nzima; kofia, miavuli, vicheko. Inspekta alikuwa ameishi katika mji huu tangu alipoajiriwa, na hapa alikuwa amewahi kufika mara moja tu, kuopoa maiti.

Binti wa tiketi aliangalia zile mbili kupitia tundu la kioo.

"Hizi niliuza mimi, za Maelezo."

"Nani?"

"Maelezo. Zamani alikuwa anatembeza wageni, kazi yake ikawa kueleza. Wakamstaafisha, lakini nani atamstaafisha mdomo? Hata akija kununua tiketi ananieleza historia ya dirisha langu." Alicheka, kisha akaona uso wa Inspekta, akaacha. "Ana nini?"

"Yuko hospitali. Huwa anakuja na nani?"

"Na mgeni wake. Mzee nadhifu, shati limenyooka mpaka unaona aibu kumgusa. Kila mara ni yule yule, nikasema labda ni ndugu yake wa bara. Wanakaa mwisho wa boti, Maelezo anamweleza samaki mmoja mmoja. Huyu wa njano, huyu ana milia, huyu anafanana na shangazi yako. Mzee anavunjika mbavu." Akafikiri kidogo. "Ila unajua, afande, chini kwenye kioo haangalii. Anaangalia mbele. Mimi nikasema labda anaogopa maji."

"Jana ulimwona huyo mzee?"

"Jana foleni ilifika barabarani. Sikuona hata vidole vyangu."

Mlinzi wa gati ndiye aliyejibu, tena bila kuonekana kushangaa. "Yule mzee wa shati jeupe? Yuko pale kwenye benchi, chini ya paa la kuwekea makoti ya kuelea. Nilipoingia zamu asubuhi nilimkuta. Nikamsalimia, akaniitikia vizuri sana, akaniuliza habari za kazi. Nikampa maji. Anangoja rafiki yake."

"Tangu asubuhi. Hukumuuliza zaidi?"

"Nimuulize nini? Afande, mtu amevaa vile, amekaa kwa heshima zake anatazama bahari. Hapa kila mtu anatazama bahari. Angekuwa na shati chafu ningemfukuza au ningemsaidia."

Inspekta akaenda. Benchi lilikuwa refu, na watu walilikalia hadi ncha, ila kando ya mzee mmoja palibaki nafasi ya mtu. Kila aliyetaka kukaa aliambiwa kwa upole, "Samahani, kuna mwenyewe." Kola ya shati lake ilikuwa bado imefungwa hadi kifungo cha juu. Midomo ilikuwa imekauka. Kiganja kimoja kilikuwa juu ya ile nafasi, kama mtu anayemshikia mwenzake kiti.

"Viatu vizito," alisema kabla Inspekta hajafungua mdomo. "Wewe si Maelezo."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Samahani, hapa kuna mwenyewe."

"Mzee, bahari leo ina rangi gani?"

Boti ilipiga honi, watoto wakapiga kelele, mtu akaomba watu wasogee picha itoshe.

"Wamekutuma wateja?" Mzee Pasi akauliza hatimaye, polepole.

"Mimi ni polisi. Rafiki yako alianguka juani akirudi na tiketi. Yuko hai."

Kile kiganja kilichoshika nafasi kikakunjwa ngumi, kikafunguka. "Nilisikia watu wanasema kuna mtu ameanguka kule barabarani," alisema. "Nikasema maskini, mtu wa watu. Nikaendelea kungoja."

"Kwa nini hukuomba msaada? Umelala hapa, mzee. Na una sukari."

"Nilikuwa na biskuti. Aliniachia yeye." Akajikaza. "Ningeomba vipi? Ningesema, jamani, nirudisheni nyumbani sioni? Huyu angemwambia yule, ingenitangulia kufika. Dobi kipofu. Ungempa suti yako wewe? Moja nimeshaiunguza. Kidole kiliniambia ni pamba, kumbe sivyo. Kwa jirani yangu, mtu anayenipa mtungi kabla sijaomba. Aliponifokea sikuwa na la kumjibu. Ningemwambia ukweli, angenihurumia, na mtu akishakuhurumia nguo zake anapeleka kwingine."

"Huyo jirani atalala ndani leo kwa ajili yako."

"Nani?" Mzee aligeuza uso kwa kasi, akakosa alipo Inspekta kwa upana wa kiganja. "Baba Mitungi? Amefanya nini?"

"Alisema atakupoteza."

"Yule? Yule hawezi kupoteza hata mwavuli!" Alikuwa ameshasimama. "Nipeleke. Kwanza kwa Maelezo, halafu nyumbani. Upesi, mwanangu. Lakini..." Akatafuta kiwiko chake, akakipata. "Lakini kule nyumbani usiwaambie. Nakuomba."

Inspekta alikuwa anadaiwa ripoti kamili na mkuu wake, na ripoti kamili husomwa na kila anayepita mezani. "Nitaandika kwamba ulikuwa na rafiki," akasema. "Hilo ni kweli."

*

Ndani ya gari, mzee alikaa wima, uso dirishani.

"Tunapita wapi?"

"Barabarani."

"Barabara ina nini?"

"Magari."

"Ewe!" alisema Mzee Pasi. "Maelezo angekufukuza kazi siku ya kwanza."

Inspekta akabadilisha gia. Alizoea kuangalia mji huu akitafuta mtu anayekimbia. Akajaribu tena. Kulia kuna hoteli ndefu, akasema, imepakwa rangi ya waridi, imebanduka upande wa bahari. Ghorofa ya juu kuna mwanamke anakung'uta shuka. Kushoto kuna mtu amelala chini ya sanamu, amevua viatu, amevipanga vizuri. Sanamu ni ya nani? Hajui, hajawahi kusoma maandishi. Basi punguza mwendo usome, alisema mzee. Akapunguza, magari ya nyuma yakapiga honi, akasoma. Alikuwa na miaka mingi akiipita.

"Shuka la rangi gani?" mzee akauliza.

"Kijani."

"Hapo sasa."

Hospitalini, daktari alimpima mzee sukari, akampa dawa, akaagiza ale chakula cha kueleweka haraka iwezekanavyo. Kisha muuguzi akamkalisha kando ya kitanda. Maelezo alimwona, machozi yakamtiririka pembeni ya macho, midomo ikafanya kazi bila sauti. Mzee Pasi akapapasa shuka hadi akaupata mkono wa kulia, akaushika pale juu ya kiwiko.

"Pumzisha mdomo," akamwambia. "Leo naeleza mimi. Kuna hoteli ya rangi ya waridi, imebanduka upande wa bahari. Juu kabisa kuna mwanamke anakung'uta shuka la kijani, nadhani mume karudi safari. Halafu kuna mlevi kavua viatu, kavipanga kama anaingia msikitini..."

Inspekta alisimama mlangoni. Hakuwa amesema mlevi, wala mume. Alitoka hadi ujiani, akampigia mkuu wake simu, akasema dobi amepatikana mzima, muuza gesi hana kesi. Mkuu akauliza mzee alikuwa wapi. "Alikuwa anatembea na rafiki," akajibu, na akakata kabla ya swali la pili.

*

Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya majengo walipofika. Habari ilikuwa imetangulia, haijulikani kwa njia gani, na ngazi zilikuwa zimejaa watu ambao ghafla wote walikuwa na kazi ya kufanya kwenye ngazi. Mzee Pasi aliuachia mkono wa Inspekta chini kabisa, akapanda peke yake, kidole kimoja ukutani, haraka kama kijana.

"Mzee, roho zetu umezishika kooni!" Mama Pacha alilia kutoka juu. "Ulikuwa wapi?"

"Mjini. Na rafiki yangu. Kaugua, nikabaki naye."

Hakusema zaidi. Mama Pacha alimtazama Inspekta kutafuta sehemu iliyobaki ya habari, akakuta uso uliofungwa kama ule mlango.

Baba Mitungi alikuwa amesimama mbele ya watu wote. Akanyoosha mkono. Mkono ulibaki hewani. Mzee Pasi alikuwa anatabasamu, uso umeelekea upande ule ule, mikono yake yote miwili chini.

Mama Pacha akavuta pumzi, tayari kusema kwamba hii sasa ni dharau. Lakini Baba Mitungi hakuushusha mkono. Aliutazama, akatazama macho ya mzee, akausogeza polepole kushoto, kisha kulia. Macho ya mzee hayakuufuata.

Baba Mitungi akaushusha mkono wake, akauchukua wa mzee palepale ulipokuwa unaning'inia, akautia kwenye kiwiko chake.

"Mzee, yale ya juzi yameisha," akasema kwa sauti ya watu wote kusikia. Kisha kwa sauti ya chini ambayo Inspekta aliipata kwa sababu tu alikuwa karibu: "Kwetu mlangoni kuna kizingiti, kiko juu kidogo. Nitakwambia tukifika."

Mzee Pasi alisita. Vidole vyake vikakaza kwenye kile kiwiko. Wawili wale wakaanza kushuka pamoja, muuza gesi akipunguza hatua zake ndefu.

Mama Pacha aliwatazama hadi wakapotea konani. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuuliza kitu. Akafunga upya kitambaa chake cha kichwa, akawafukuza watu ngazini, na nyuma yao Inspekta akaanza kushuka kuelekea gari lake.

"Afande! Kazi imeisha?"

"Imeisha, mama."

"Sasa saa hizi unakwenda kula na nani?"

Inspekta alisimama, mkono kwenye reli. Alifikiria jiko lake, sahani moja, uma mmoja.

Kutoka chini mlango wa Baba Mitungi ulifunguka, harufu ya chakula ikapanda ngazi, na sauti ya muuza gesi ikasikika kwa upole, "Inua mguu, mzee. Hapo. Karibu."

"Si umesikia?" alisema Mama Pacha, akimfikia Inspekta na kumshika kiwiko. "Twende. Karibu tule."